Kifaranga wa Jirani na Afya ya Nyumba

Katika mitaa na vijiji vyetu vingi, kuku hafugwi na nyumba moja peke yake. Banda huwa la mama fulani, lakini jogoo wake huwapanda mitetea wa nyumba tatu, mayai ya kuatamia huombwa kwa shangazi, na koo akiangua vifaranga kumi na wawili, wawili au watatu hupelekwa kwa jirani aliyepoteza wake. Pamoja na vifaranga huenda maneno: yule aliyepinda shingo alipewa nini, kinyesi cha kijani ni dalili ya nini, duka lipi lina dawa ya bei nafuu. Maoni yangu ni kwamba mazungumzo haya ya uani ni sehemu ya huduma ya afya ya jamii, nasi wa taaluma ya tiba tumekosea kuyaacha nje ya mlango wa zahanati kana kwamba yanamhusu daktari wa mifugo peke yake.

Tuanze na jambo ambalo kila muuguzi wa kijijini analijua. Mtoto anapopandwa na homa usiku, nauli ya kumfikisha hospitalini mara nyingi hutoka kwenye mguu wa jogoo. Ng'ombe ni wa baba na ukoo, shamba linasubiri mavuno, lakini kuku yumo mikononi mwa mama, naye huuzwa siku hiyo hiyo bila kikao. Kuku, kwa hiyo, ndiye bima ya afya ya familia nyingi zisizo na bima nyingine. Kuku wanapokufa wote kwa juma moja, kinachopotea ni zaidi ya kitoweo: ni uwezo wa mama kufanya uamuzi wa haraka juu ya uhai wa mwanawe.

Nao hufa wote kwa juma moja. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufyeka karibu banda zima la kuku wasiochanjwa. Huu ni ugonjwa wa virusi. Hauna dawa, una kinga. Chanjo aina ya I-2, iliyobuniwa nchini Australia kwa kuwafikiria wafugaji wadogo wa maeneo yasiyo na majokofu ya uhakika, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Shida ni kwamba chupa moja hubeba dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haikai. Mwenye kuku wanane akienda peke yake ataona hasara. Majirani ishirini wakichangiana, gharama ya kila mmoja huwa ndogo mno. Hapa ushirika wa uani ndio unaoamua kama chanjo itatumika au itaharibika.

Lakini ushirika huo huo una upande wake wa hatari, na haifai kuuficha. Kifaranga anayetolewa kwa upendo anaweza kubeba ugonjwa ambao bado haujajionyesha. Mfugaji anayeona kuku wawili wamezubaa huwahi kuwauza waliosalia, na ugonjwa husafiri ndani ya tenga juu ya baiskeli au basi hadi kijiji kingine. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa kawaida methali hii humhusu mtu aliyefika ugenini, lakini mfugaji aichukue kama ilivyo: kuku mgeni atengwe kwa wiki mbili hadi nne, apewe chombo chake cha maji, na ahudumiwe baada ya kuku wenyeji, si kabla yao. Jambo hili halihitaji fedha. Linahitaji kukubaliana kwamba kumtenga kifaranga wa jirani si kumdharau jirani.

Yapo mambo matatu ambayo daktari wa binadamu hana udhuru wa kuyanyamazia. La kwanza ni moto. Kifaranga asiye na mama huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi katika wiki yake ya kwanza, na pasipo umeme joto hilo hutoka kwenye jiko la mkaa. Wako wanaoliweka jiko hilo, pamoja na boksi la vifaranga, ndani ya chumba wanacholala watoto, kisha hufunga madirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Kila anayemgawia mwenziwe vifaranga na ampe na onyo hili.

La pili ni dawa. Kwa kuwa mdondo hautibiki, mfugaji aliyekata tamaa hujaribu kila kitu: pilipili, shubiri, na hatimaye unga wa oksitetrasaiklini au kapsuli zilizobaki za mgonjwa wa nyumbani, zikamiminwa kwenye maji ya kunywa. Kiuavijasumu hakiui virusi. Hufundisha bakteria waliomo tumboni mwa kuku namna ya kuishinda dawa, na bakteria hao hawabaki bandani. Tena mayai huendelea kuliwa na kuku kuchinjwa bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye lebo. Siku moja dawa hiyo hiyo itahitajika wodini, nayo itashindwa.

La tatu ni mikono ya watoto. Kifaranga mchangamfu, mwenye manyoya laini, anaweza kutoa vimelea vya salmonela kwenye kinyesi chake bila yeye mwenyewe kuugua. Mtoto humbusu, humlaza kifuani, kisha hula ugali. Anayetambaa huokota chochote kilichopo uani na kukitia mdomoni. Sabuni, banda lililojitenga na mahali pa kulala, na ua unaofagiwa kabla mtoto hajashushwa chini ni tiba za bei ndogo kuliko dripu ya kuharisha.

Najua wapo watakaosema: basi kuku na wapigwe marufuku mjini. Siafiki. Marufuku humnyima mtoto yai na mama akiba yake, na huwafanya wafugaji wafiche mizoga badala ya kuitolea taarifa. Tukumbuke kwamba mwaka 1997 mjini Hong Kong watu 18 waliambukizwa virusi vya mafua ya ndege, na 6 kati yao wakafariki. Na Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, tunalolitumia pamoja. Kwa macho, vifo vya ghafla vya mafua hayo vinafanana sana na vya mdondo. Wa kwanza kuviona si maabara wala wizara, bali ni yule mama anayemwambia jirani asubuhi kwamba kuku wake wamekufa watano. Akiogopa kusema, sote tumepofuka.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kliniki ya mama na mtoto iongeze swali moja: nyumbani mnafuga kuku, nao wanalala wapi? Mhudumu wa afya ya jamii na mtaalamu wa mifugo wa kata waingie mtaani siku moja, si kila mmoja kwa zamu yake. Siku ya kuchanja kuku iwe pia siku ya kuzungumzia jiko la mkaa, dawa na sabuni. Na wanafunzi wetu wa udaktari wafundishwe kusikiliza habari za banda kabla ya kuzisahihisha, kwa kuwa wafugaji wale wanajua mengi tusiyoyajua.

Vifaranga wataendelea kugawanywa, kwani ndivyo majirani wanavyoinuana. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kila kifaranga anayevuka ua anaongozana na neno la kweli.