Usingizi wa Nahodha Usiitwe Amri ya Mungu

Kila chombo kinapozama au kugongana na kingine katika maji yetu, maneno yanayotangulia kutoka vinywani mwa wakuu huwa ni yale yale. La kwanza, ajali haina kinga. La pili, abiria walikuwa wamejazana kupita kiasi. La tatu ni rambirambi kwa jamaa waliofiwa. Baada ya hapo matanga huanuliwa, maji yakatulia, na mashua zikarejea kuvusha watu kama kwamba hapakutukia jambo. Ni nadra kusikia swali ambalo lingepasa kuulizwa kabla ya mengine yote: Je, aliyekabidhiwa usukani alikuwa akiangalia wapi?

Swali hili si la kumtafutia mtu lawama ili tuburudike kwa adhabu yake. Ni swali la haki. Anayepanda chombo cha majini huwa amesalimisha uhai wake mikononi mwa mtu mwingine kwa namna isiyo na kifani nchi kavu. Abiria wa matatu anaweza kupiga kelele, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Abiria wa feri au mashua hana pa kushukia. Maadam amenyang'anywa uwezo wa kujiokoa, aliyemnyang'anya uwezo huo ana wajibu wa kukesha kwa niaba yake.

Wajibu huo haukubuniwa na magazeti. Umeandikwa. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizokubaliwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1977, zinasema katika Kanuni ya 5 kwamba kila chombo, wakati wote, sharti kiwe na uangalizi unaofaa kwa macho, kwa masikio na kwa kila njia nyingine iliyopo. Msomaji azingatie maneno mawili: kila chombo, na wakati wote. Hayakusemwa kwamba ni meli kubwa peke yake, wala hayakusemwa kwamba ni wakati wa dhoruba tu. Kanuni ya 6 inaongeza kwamba mwendo wa chombo uwe ule unaomwezesha nahodha kusimama au kukwepa kwa wakati. Hata mvuvi anayepiga makasia usiku hakusahauliwa. Asipoweza kuwasha taa za kawaida, hana budi kuwa na kurunzi au fanusi mkononi, aimulike mapema ili asigongwe. Na kabla ya zote hizo, Kanuni ya 2 inatamka kwamba hakuna lolote katika kanuni hizo linalomwepusha mwenye chombo, nahodha au baharia na matokeo ya uzembe wake.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya kabla hayajatiwa wino. Jahazi lilipokaribia mwamba au mlango wa bandari, mtu alisimama omo kutazama mbele, na neno lake lilifika kwa mshika usukani bila kuchelewa. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa anasa. Lilikuwa sehemu ya ubaharia, kama tanga na kamba.

Sasa tutazame kisa kimoja kilichotukia mbali nasi, ambacho kina mafunzo kuliko hotuba nyingi. Tarehe 7 Julai 2010, boti moja ya watalii iliharibika katikati ya Mto Delaware, jijini Philadelphia, Marekani. Moshi ulionekana, mwendeshaji akazima injini, akatia nanga, akangoja msaada. Ndani yake mlikuwamo watu 37, miongoni mwao wanafunzi kutoka Hungaria waliokuwa ziarani. Tishari kubwa lililokuwa likisukumwa na boti nyingine likaja likaigonga na kuizamisha. Wanafunzi wawili, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa miaka 20, walipoteza maisha.

Aliyekuwa zamu katika boti iliyokuwa ikisukuma tishari hakuwa mlevi wala hakuwa amelala. Alikuwa kwenye simu. Mtoto wake alikuwa amepatwa na matatizo makubwa hospitalini, naye alikuwa akizungumza na jamaa zake na kutafuta habari katika kompyuta. Ili afanye hivyo alikuwa amehamia mahali pa chini ambapo hakuweza kuona vizuri mbele ya tishari, na redio iliyoitia tahadhari hakuisikia. Kila mzazi anayesoma safu hii ataielewa dhiki ya baba yule. Hata hivyo mahakama ilimtia gerezani kwa muda wa mwaka mmoja na siku moja. Kwa nini? Kwa sababu sheria haikumwuliza kama alikuwa na huzuni. Ilimwuliza kwa nini hakumwita mwenziwe ashike zamu. Huruma kwa mtoto wake mmoja haikumruhusu kuwasahau watoto wa wengine waliokuwa mbele yake majini.

Fauka ya hayo, lawama haikukomea kwake. Wachunguzi walibainisha kwamba kampuni ya boti ya watalii nayo ilikuwa na kosa, kwa kukitoa chombo ambacho matengenezo yake hayakukamilishwa ipasavyo. Mwaka wa 2012 kampuni zote mbili zilikubali kulipa fidia ya jumla ya dola milioni 17 kwa jamaa wa marehemu na kwa walionusurika. Hapo pana kanuni ya zamani: tangu Mkataba wa Brussels wa mwaka 1910, vyombo viwili vikigongana na vyote vikiwa na kosa, kila kimoja hubeba mzigo kwa kadiri ya kosa lake. Kosa la mwenzako halikufutii lako.

Kisa cha pili kinapanda ngazi moja juu. Tarehe 15 Oktoba 2003, feri ya jiji la New York iligonga gati katika kisiwa cha Staten Island, na watu 11 wakafa. Msaidizi wa nahodha aliyekuwa usukanini alikuwa amepoteza fahamu kwa uchovu na dawa alizokuwa akitumia. Nahodha mwenyewe hakuwa pamoja naye, ingawa utaratibu ulitaka wawe wawili. Ikadhihirika kwamba mkurugenzi wa shughuli za feri hakuwa akihakikisha utaratibu huo unafuatwa. Mwaka wa 2006 msaidizi wa nahodha alihukumiwa kifungo cha miezi 18, na mkurugenzi yule, ambaye siku ya ajali hakugusa usukani, akahukumiwa mwaka mmoja na siku moja. Jiji nalo lilijaribu kuzuia fidia isizidi thamani ya feri yenyewe, kama sheria za bahari zinavyoruhusu pale mwenye chombo asipokuwa na hatia. Mwaka wa 2007 mahakama ilikataa, ikisema uzembe ulikuwa wa jiji lenyewe.

Turejee nyumbani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, mita chache tu kutoka ilipong'oa nanga, na watu 272 wakaangamia. Wengi walikuwa wakienda kazini asubuhi. Feri hiyo ilikuwa na nafasi ya watu 300, nayo ilibeba zaidi ya 400. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisema abiria walijazana. Lakini nani aliyekuwa na lango? Nani aliyekuwa na idadi? Abiria mmoja anayekimbilia kibarua hawezi kujua kama yeye ni wa 299 au wa 401. Ajuaye, au apaswaye kujua, ni yule mwenye amri ya kufunga mlango. Uangalizi basi hauanzii mahali chombo kinapokutana na chombo. Huanzia gatini, kabla kamba haijafunguliwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hilo hilo, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kivuko hicho kilitengenezewa watu mia moja hivi. Rais wa Tanzania wa wakati huo, marehemu John Magufuli, aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwamo chomboni, na kwamba usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo. Bodi ya wakala wa serikali uliokiendesha kivuko hicho ilivunjwa. Na tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni, gari lilirudi nyuma kutoka feri ya MV Harambee likatumbukia baharini likiwa na mama na binti yake mdogo. Ilichukua siku 13 kuitoa miili yao. Msiba huo ulitukumbusha kwamba macho ya mabaharia hayatakiwi mbele tu. Yanatakiwa pia nyuma, kwenye lango, na kwenye kila gurudumu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwenye mashua atasema kwamba ujira ni mdogo na mafuta ni ghali, hawezi kumlipa mtu wa pili kusimama omo. Atasema vilevile kwamba abiria wenyewe humshurutisha: akikataa kumi wa mwisho, watampigia kelele au wataenda kwa jirani yake. Hoja hizi zina ukweli, nami sizidharau. Lakini zikipimwa kwa haki, hazimwondolei nahodha wajibu. Zinaonyesha kwamba si wake peke yake. Mwenye chombo anayedai hesabu ya fedha kila jioni bila kuuliza hesabu ya watu ni mshirika. Mkaguzi anayetia sahihi cheti bila kukanyaga ndani ya chombo ni mshirika. Ofisi inayounda tume ya uchunguzi kisha ikaifungia ripoti kabatini ni mshirika mkubwa zaidi. Tukimfunga mshika usukani peke yake, tumekata tawi na kuuacha mti.

Sheria haikosi. Sheria ya Safari za Meli ya mwaka 2009 ipo, Mamlaka ya Usafiri wa Majini ipo, na tangu 2018 kuna Huduma ya Walinzi wa Pwani. Kinachopungua ni mazoea ya kuitumia. Wengi wa waathiriwa hawajui hata kwamba haki yao ina muda wake. Madai ya uzembe kwa kawaida hupasa kufikishwa mahakamani katika miaka mitatu, lakini dhidi ya Serikali muda ni miezi 12 tu. Mjane anayengoja ripoti ya tume kabla ya kumwona wakili huenda akafika mahakamani na kukuta mlango umefungwa.

Yafanywe nini? Kwanza, simu ya mkononi ipigwe marufuku usukanini, na mwenye dharura akabidhi zamu kwanza. Pili, kila chombo cha abiria kiandikwe ubavuni, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, idadi ya watu kinaowaruhusu, ili hata mtoto wa shule aweze kusoma na kuuliza. Tatu, safari ya usiku isifanywe na mtu mmoja. Nne, ripoti za uchunguzi wa ajali zichapishwe, kwa sababu msiba usiosomwa hujirudia.

Kwenu walimu, ambao mara nyingi huwavusha wanafunzi kwenda michezoni, mashindanoni na ziarani, nasema hivi: siku ile ninyi ndio wazazi. Mwalimu anayekubali wanafunzi wake wapakiwe pasipo maboya, kwa kuogopa kuchelewa, naye ameshika sehemu ya usukani. Mhesabu, mwulize, mkatae. Nanyi wanafunzi, someni Kanuni ya 5 kama msomavyo ushairi. Baadhi yenu mtakuwa mabaharia, mawakili, wakaguzi na mawaziri. Wale wawili wa Philadelphia walikuwa wanafunzi kama ninyi, na hawakufanya kosa lolote isipokuwa kukaa kitako ndani ya boti na kuamini kwamba kuna mtu anayeangalia.

Juma lililopita nilivuka hori moja kwa mashua yenye injini. Kijana aliyeshika usukani alikuwa akitazama kioo cha simu yake na kucheka peke yake. Sisi abiria kumi na mmoja tulimwona, tukatazamana, na hakuna aliyesema neno mpaka mama mmoja mzee aliyekuwa na kikapu cha maembe alipomwambia kwa upole, "Mwanangu, tuvushe kwanza, utacheka ukifika." Kijana akaiweka simu mfukoni. Laiti tume zetu zote zingekuwa na ufasaha wa mama yule! Ajali haina kinga, wanasema. Huenda. Lakini uzembe una kinga, na kinga yake ni jicho lililo wazi na ulimi usioogopa kusema. Tahadhari kabla ya athari.