Tairi Halirushi Mpira

Wiki hii ile video imerudi tena kwa simu zetu. Unaijua. Kijana Mganda amechuchumaa kwenye tope, tairi la gari liko mgongoni, anadaka mipira huku anaanguka na kuamka kama mtu anayepigana na kitu ambacho sisi hatukioni. Anaitwa Dennis Kasumba. Wengi mmenitumia kwa inboksi, na mmoja wenu akauliza bila huruma: sasa huyu jamaa aliishia wapi, si alifeli?

Hapana, hakufeli. Hilo swali limenikaa kooni tangu Jumatatu, kwa hivyo leo mtanisoma kidogo.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana huku Thika beisboli tunaiona tu kwa filamu. Mrushaji anasimama mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji. Anaachilia mpira mgumu kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Nyuma ya mpigaji kuna mtu amechuchumaa, amevaa kinyago cha chuma, ngao ya kifua na ngao za miguu. Huyo ndiye mdakaji, na hiyo ndiyo kazi ya Kasumba. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kudaka basi. Zii. Katika wale tisa wa timu yake walioko uwanjani, ni yeye tu uso wake unaelekea kwa wenzake wote. Yeye ndiye anamwambia mrushaji arushe upi, wa kasi, wa kupinda ama wa polepole wa kumdanganya mpigaji. Zamani zote alitumia vidole, anavificha katikati ya mapaja. Tangu 2022 kwenye ligi kuu ya Marekani wameruhusiwa kutumia kifaa cha vitufe, akibonyeza mrushaji anasikia sauti kwa kofia.

Ukitaka kumwelewa vizuri, panda matatu ya Thika kwenda Nairobi halafu usimwangalie dereva, mwangalie konda. Dereva ndiye ana usukani na sifa zote ni zake. Lakini anayegonga bodi, anayejua steji gani ina watu leo na mbele kuna nini, ni konda. Mdakaji ni konda wa beisboli. Na magoti yake yanalipia.

Sasa sikiza. Hakuna konda alijifunza kazi kwa kuruka tairi. Tairi litakupa miguu, litakupa pumzi, litakupa roho ngumu. Halitakurushia mpira wa kupinda. Halitakufundisha kwamba mrushaji wako leo amechoka tangu raundi ya tano ila anaona aibu kusema. Hiyo inakuja na mechi, na si mechi kumi. Ni mamia.

Kasumba alilelewa na nyanya yake. Kocha wake, Paul Wafula, ndiye alikuwa anamfanyisha yale mazoezi mnayoona. Alinyimwa viza kabla ya kupewa. Mwaka 2023 hatimaye akapanda ndege akaenda Frederick, jimbo la Maryland, akavaa jezi ya Frederick Keys kwenye ligi inayoitwa MLB Draft League, ambako vijana wanaenda kuonekana na maskauti. Wale aliokuwa anagombania nafasi nao wametoka timu za vyuo vikuu, wamerushiwa mipira na watu wa kweli tangu wakiwa watoto wa nasari. Hakucheza sana. Msimu ukaisha bila mkataba wa timu ya ligi kuu, na watu wa komenti wakafunga faili.

Mimi naona faili ndiyo ilikuwa inafunguliwa. Acha niwaletee mtu ambaye hajawahi kutrendi kwa simu yako.

Erik Kratz, mdakaji, Mmarekani wa Pennsylvania. Mwaka 2002 Toronto Blue Jays walimchagua kwenye raundi ya 29. Raundi ya 29! Hapo ni kama kuitwa kwa harambee wakati sahani zimeshaoshwa. Akaenda ligi ndogo akakaa. Mabasi, hoteli za bei rahisi, miji ambayo hata Wamarekani hawaijui. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu aliicheza Julai 2010, na Pittsburgh Pirates, akiwa na miaka 30. Fikiria hiyo. Miaka minane anangoja simu moja.

Baada ya hapo ndio wakaanza kumpitisha kama chenji. Philadelphia, Kansas City, Houston, New York, Milwaukee, San Francisco, Tampa. Huyu anamchukua mwezi mmoja, yule anamrudisha ligi ndogo, mwingine anamwita kwa sababu mdakaji wao ameumia kidole. Mwaka 2018, akiwa na miaka 38, alikuwa anadaka mechi za mtoano na Milwaukee Brewers, hatua moja tu kabla ya fainali. Akastaafu baada ya msimu wa 2020, akiwa na miaka 40. Ukijumlisha mechi zake zote za ligi kuu haifiki misimu mitatu kamili, maana msimu mmoja ni mechi 162. Kupiga kwake kulikuwa kwa kawaida sana. Hata hivyo walimwita kwa miaka kumi, kwa sababu kila timu lazima iwe na wadakaji wawili, na huyo wa pili ni lazima awe mtu anayewaelewa warushaji, asiyelia akikaa benchi wiki nzima, na anayekuwa tayari saa ile anaitwa.

Hiyo ni kazi. Inalipa karo ya watoto. Mbona tunaiita kufeli?

Na si ya wazungu peke yao. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ingawa yeye hakuwa mdakaji, alisaini na Pirates mwaka 2008. Alicheza ligi kuu mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kutoka bara hili kufika pale. Miaka tisa. Kwetu hapa, mwangalie kipa Arnold Origi. Alitoka ligi ya Kenya akaenda Norway, Moss, Lillestrøm na klabu nyingine, baadaye Finland na HIFK, na Harambee Stars wakawa wanamwita na kumwacha. Hakuna mtu alimtengenezea filamu. Alikula jasho lake miaka yote hiyo golini, kwenye baridi ambayo mimi singeweza hata kushika simu nirekodi.

Sasa tuje kwangu, kwa sababu mimi naishi kwa video. Niliacha chuo mwaka wa pili, mnajua, na kuna majirani ambao hadi leo wakinisalimia wanaongea kama wamekuja matanga. Kwa hivyo najua kidogo vile watu hupenda kufunga faili ya mtu mapema.

Mwaka jana kuna kampuni ilinitafuta nifanye video ya vijana wa mtaani wanaocheza mpira. Pesa nzuri, kodi ya miezi miwili. Tumefika kiwanjani, vijana wamevaa buti zao, zingine ni mitumba lakini buti ni buti. Yule mwakilishi wao akaniambia niwaambie wavue. Pekupeku inaleta hisia, alisema. Nikauliza, na huyu kipa naye avue glavu? Akafikiria kabisa, akaniambia, ikiwezekana. Nilizima simu nikaenda nyumbani. Kodi niliitafuta kwingine.

Kiandutu jina lenyewe linatokana na ndutu, yaani funza. Watu wamekuja hapa na kamera kutafuta miguu ya namna hiyo tangu kabla sijazaliwa. Kwa hivyo nikiona video ya Kasumba inarudi mwaka baada ya mwaka, ile ile ya tope, najiuliza mbona hairudi ile ya Frederick, amevaa vifaa kamili, amekaa benchi anamsikiza kocha. Hiyo ndiyo picha ya mdakaji akiwa kazini. Lakini algorithimu haitaki benchi. Inataka tairi.

Najua mtaniambia, bila tairi hangepata viza. Ni kweli, na simlaumu hata kidogo. Alitumia alichokuwa nacho, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Ninayemlaumu ni sisi tulioshea mara milioni halafu hatukuuliza kama huko kwao kuna uwanja. Upo. Kuna viwanja vya beisboli vilivyojengwa na Mmarekani mmoja, Richard Stanley. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika, na wakashinda mechi moja dhidi ya timu ya Oregon. Miaka kumi baadaye, 2022, Waganda wawili wakasaini na Los Angeles Dodgers. David Matoma, mrushaji, akafuata na Pirates. Sasa fikiria mdakaji anayekaa miaka mitano nyuma ya mpigaji akirushiwa na watu kama Matoma. Huyo hata bila tope atajulikana.

Hesabu ya mshahara pia mjue. Mwaka 2023, baada ya wachezaji wa ligi ndogo kupata mkataba wa chama chao, aliye daraja la juu kabisa la ligi hizo alianzia kama dola 35,800 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa karibu nusu yake. Huo si utajiri wa Marekani, lakini hapa mtaani hakuna anayeucheka.

Kasumba ni kijana bado, na Kratz mwenyewe alingoja hadi miaka 30. Mwenye ana namba ya mtu anayefundisha wadakaji pale Lugazi anitumie kwa inboksi. Nataka kwenda Desemba na simu yangu, nikae nyuma ya wavu mechi nzima, dakika zote, bila kukata. Watazamaji wakiwa mia mbili, sawa tu.