Udongo Hausahau



Juma lililopita jirani yangu alinijia kibarazani na majani matatu ya mchicha mkononi. Kingo zake zilikuwa zimekauka kama zilizopitishwa motoni. "Ukhti," akasema, "namwagilia asubuhi na jioni, na kadiri ninavyozidisha maji ndivyo unavyozidi kufa. Nitie dawa gani?" Mchicha huo si pambo la ua, ndio unaolipa ada ya madrasa ya wanawe wawili.

Sikumpa dawa. Nilimwomba anipeleke kwenye matuta yake. Pale palipokauka, juu ya udongo palikuwa na utando mweupe mwembamba. Tukateka maji ya kisima, tukayaonja: yalikuwa na chumvi ambayo watu wa nyumba ile wamekwisha kuizoea.

Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya jabali la matumbawe lenye matundu. Maji ya mvua huzama humo na kuelea juu ya maji ya bahari, ambayo ni mazito zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo mna takriban mita 40. Kwa hiyo maji ya juu yakipungua kidogo tu, ya bahari yaweza kupanda sana. Zamani tulichota kwa ndoo na kamba. Leo pampu huvuta kutwa.

Maji hayo yakimwagwa shambani, jua huchukua maji na kuiacha chumvi. Chumvi nayo huizuia mizizi isinywe, mmea ukafa kwa kiu ilhali umesimama majini. Masikini jirani yangu, kila jioni alikuwa akiongeza kile kilichokuwa kikiua.

Ndiyo maana nasema udongo ni shahidi. Sisi huizoea hali mpya tukasahau ya jana; udongo hausahau. Weusi wake hutokana hasa na mboji, yaani majani na mizizi iliyooza. Ukififia mwaka hadi mwaka, jua rutuba inaondoka. Maji yakituama juu badala ya kuzama, umeshindiliwa au umefanya ganda. Nyungunyungu wakitoweka mahali walipokuwa wakionekana kila masika, chakula chao kimekwisha au udongo umewaharibikia.

Ushahidi huo hufika hata baharini. Mto Sabaki, ambao maji yake huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, huingia baharini kaskazini ya Malindi, na wakati wa mvua bahari hugeuka rangi ya udongo. Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka kila mwaka. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walipima ndani yake madini ya bariamu, ambayo huletwa na udongo wa mtoni, wakaona yameongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipopanuliwa na ardhi kuvuliwa miti. Udongo uliopotea bara umeandikwa katika mwamba wa pwani.

Lakini tusihukumu kwa rangi peke yake. Kuna udongo mwekundu kwa asili, kwa ajili ya chuma kilichomo, na kuna mchanga uliozaliwa mweupe. La maana ni kulinganisha. Chukua donge kavu la udongo chini ya mwembe mkongwe usiolimwa, na jingine kitaluni mwako palipo na udongo wa namna ile ile. Yaweke taratibu katika bilauri mbili za maji, watoto wakitazama. Linalosimama lina mboji ya kulishikilia. Linalosambaratika upesi limepungukiwa. Rudieni kila mwaka, mkiandika tarehe.

Jirani yangu sasa hukinga maji ya mvua ya paa katika pipa, huyatumia kwanza kwa miche, na amepunguza kuvuta kisima. Matuta ameyafunika kwa majani makavu ili jua lisiyakaushe upesi, naye hatumii samadi mbichi, kwani nayo ina chumvi yake. Huiacha ioze kwanza. Majani ya uani, aliyokuwa akiyachoma kila asubuhi, sasa ndiyo mboji yake. Kilichobaki ni masika kuja kuiosha chumvi na kuishusha chini.

Mchicha haujarudi wote. Tuta moja ameliacha lipumzike, na ada ya muhula huu ameilipa kwa kuuza mahamri. Kilichoharibika kwa miaka hakitengenezwi kwa wiki moja. Lakini ardhi ni amana, na mwenye kuijua hali ya amana yake mapema huweza kuihifadhi kabla haijamponyoka.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kumwagilia, inama utazame udongo wako. Na maji ya kisima, yaonje kwanza.