Kizibo cha Tangi Kinachovuja

Nimesoma maelezo ya mwandishi mmoja kuhusu Land Rover za zamani, na katika mengi naafikiana naye, ila shauri lake la kupaka silikoni juu ya kizibo cha chini cha tangi la petroli kinachovuja sina budi kulipinga, kwa sababu silikoni ya kawaida ikipatwa na petroli huvimba, ikalainika, na haichukui muda ikabanduka. Kinachozuia petroli mahali hapo, kwa hakika, si hesi za kizibo bali ni washa iliyobanwa baina ya nyuso mbili za chuma; basi mwenye kutaka kuiondoa kasoro hii na aimwage kwanza petroli yote, mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini kwa chini, kisha apanguse mdomo wa tundu hadi chuma king'ae, apapase kwa ncha ya kidole kama pana mkwaruzo au kutu, ndipo aweke washa mpya ya shaba nyekundu.

Kukaza nako kuwe kwa kiasi, kwani tangi ni bati jembamba, na nguvu ya spana ndefu huweza kulipasua. Likishapasuka, nawasihi sana ndugu zangu, lisipelekwe kuchomelewa kabla halijasafishwa barabara na kutolewa mvuke wote, hata likionekana tupu na kavu, kwa maana mvuke uliosalia ndani ndio ulipukao.