Papa Wemba: watu walilia, wakacheza

Tarehe 24 mwezi wa nne 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani kule Abidjan, akafa akiwa na miaka 66. Kisha siku ine mwili ukafika Kinshasa, barabara zikajaa. Watu walilia, wakacheza, wengine ndani ya nguo za Sape za bei kali. Kuko wenye walisema ni kukosa heshima. Sisi hatukubali. Huku Kabimba, mwenzetu wa machimbo ya chokaa akikufa, kilio kinakesha na nyimbo. Na mama yake Papa Wemba alikuwa mwenye kuimba kwenye vilio vya watu. Njo mwalimu wake wa kwanza.

Yenye inatuuma ni ingine. Viva La Musica aliiunda 1977: miaka 39 ya kuchezesha inchi. Nishani ya Serikali ikamukuta ndani ya sanduku, Palais du Peuple. Juu ya nini ile nishani ingoje kifo? Wapenzi wake hawakungoja. Walilipa kiingilio akiwa muzima. Kwenye mine mingi ni vile vile: siku ya maziko wakubwa wanakusifu, lakini ukiomba buti mupya, wanasema unaleta kelele.