Deni la ndakala lifuate mwezi

Kule Uvira na Baraka, kila mvuvi anajua: mwezi ukiwa mzima, taa inapoteza nguvu. Ndakala hawakusanyiki tena chini ya mwanga wake, mitumbwi inabaki ufukoni siku kadhaa, na soko linakauka.

Si uchawi. Mwezi mzima unachomoza jua likizama na kuangaza ziwa hadi asubuhi. Ule wa nusu ya kwanza unazama karibu saa sita ya usiku; hapo bado kunabaki saa za giza za kuvua.

Lakini wanaokopesha wamama wauza samaki wanahesabu tarehe: lipa kila tarehe 30. Kalenda ya ukutani inafuata jua, ndiyo maana kiangazi kinarudi kila Juni. Mwezi wa angani unamaliza duru yake kwa siku 29 na nusu. Duru 12 ni siku 354, pungufu siku 11 kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka huu tarehe 30 inaweza kufuata usiku wa giza, mwaka ujao ikaangukia mwangaza mtupu. Mama yule yule, bidii ile ile, sasa anaitwa mdaiwa sugu.

Wengine wanasema: akaushe samaki, aweke. Ataweka nini, ikiwa ameuza wote kulipa deni la kwanza?

Vikundi vya akiba viweke malipo mwezi ukifika nusu ya kwanza, pesa ya giza ikiwa bado mkononi. Mweka hazina atauona akiwa mlangoni kwake.