Kuhesabu na Kueleza katika Isimu: Kipi Hutangulia?

Imezuka imani miongoni mwa baadhi ya watafiti chipukizi kwamba kazi ya isimu isiyo na majedwali na asilimia si ya kisayansi. Wapo pia wanaoziona takwimu kuwa mzigo usiowahusu wanalugha. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea. Uchunguzi wa sifa na uchunguzi wa idadi ni hatua mbili za kazi moja, na ule wa sifa ndio hutangulia.

Tuchukue mjadala mkongwe kuhusu asili ya Kiswahili. Waliodai kuwa ni lugha chotara walitegemea wingi wa maneno yenye asili ya Kiarabu. Hoja hiyo ni ya idadi. Lakini kilihesabiwa nini? Katika majina ya namba kuanzia moja hadi kumi, matatu tu, yaani sita, saba na tisa, yametoka Kiarabu. Mengine yote ni ya Kibantu. Anayehesabu msamiati wa dini au wa sheria atapata uwiano mwingine kabisa. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila aliyechagua cha kuhesabiwa ndiye aliyeelekeza jibu.

Aidha, tutazame sentensi "Vitabu vile vikubwa vimefika." Kwa hesabu ya maneno, asilimia 25 ni Kiarabu. Hata hivyo, katika Kiarabu sauti k ya "kitabu" ni ya mzizi, na wingi wake ni "kutub". Kiswahili kimeichukua silabi hiyo kuwa kiambishi cha ngeli, kikaunda wingi kwa vi-, kisha kikalifanya neno hilo la mkopo litawale upatanisho wa sentensi nzima kwa kanuni za Kibantu. Jambo hili, ambalo ndilo kiini cha suala, halimo katika asilimia 25.

Pamoja na hayo, maelezo matupu hayatoshi. Mtafiti anayeandika kwamba muundo fulani "hutumika sana" ametoa dai la idadi bila kuhesabu, na msomaji hana njia ya kumsahihisha. Katika miaka ya 1950, Morris Swadesh alidai kwamba msamiati wa msingi wa lugha hubadilika kwa kasi isiyotofautiana, akaitaja kasi hiyo kwa tarakimu. Kwa kuwa alitaja tarakimu, mwaka 1962 Knut Bergsland na Hans Vogt waliweza kulipima dai hilo kwa lugha kadhaa, Kiaislandi kikiwamo, na kuonyesha kwamba kasi hutofautiana. Dai lililokubali kupimwa liliifaa taaluma hata liliposhindwa.

Kwa hiyo, tunapendekeza kwamba wasimamizi wa tasnifu wadai mambo mawili: kila jedwali litanguliwe na ufafanuzi wa kilichohesabiwa na sababu za kukichagua, na kila "mara nyingi" iambatane na hesabu yake. Bila la kwanza, takwimu ni pambo. Bila la pili, maelezo ni dhana tu.